Redio ya mawimbi mafupi kwenye boti ya tanga: shaba na waya kwanza, modemu baadaye

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme hapa Kilifi. Kazi yangu zaidi ni sola za majumbani na nyaya za boti za uvuvi. Sasa mwenye boti moja ya tanga, ya faiba, urefu wa mita 11, amenipa kazi ya kumfungia redio ya kufika mbali. Ameshanunua redio ya Icom M802 na tyuna ya AT-140 (kisanduku cha kuoanisha redio na antena), zote zimetumika. Wanataka kuvuka hadi Ushelisheli, na njiani apate baruapepe na hali ya hewa bila kutegemea mtandao wa simu. Kuna mtu anamuuzia modemu ya Pactor, ile ya kupitisha baruapepe kwenye redio, kwa bei ya kutisha. Antena niifunge vipi, na hiyo modemu inunuliwe au iachwe? Na je, kwa nini asifunge tu Starlink, ile intaneti ya setilaiti?

Jibu: Marahaba, fundi. Nianze na modemu, maana ndiyo inayotaka kula pesa: mwambie mwenye boti asiinunue bado. Kwenye boti nyingi ambazo baruapepe ya redio inagoma, ubovu hauko kwenye modemu wala kwenye redio. Uko kwenye athi, au kwenye waya wa antena, au kwenye kelele za umeme zinazotoka ndani ya boti yenyewe. Hayo matatu yakikaa sawa, wati 150 za M802 zinafika Maputo, Durban na mbele zaidi. Yakikaa vibaya, modemu ya bei yoyote itabaki inaita kituo bila kujibiwa.

Tuanze na athi, kwa sababu hapo ndipo mafundi wa nyumba hupotea. Nyumbani athi ni njia ya kuukimbiza umeme uliovuja. Kwenye redio ya mawimbi mafupi, athi ni nusu ya pili ya antena. Tyuna inausukuma mkondo juu kwenye waya, na lazima iwe na kitu chini cha kuegemea inaposukuma. Ukiifunga bila athi ya maana ni kama kurusha jiwe ukiwa umesimama kwenye kimtumbwi chembamba: jiwe haliendi mbali, nguvu inaishia kukitikisa kimtumbwi. Kwenye boti, mtikisiko huo unakuja kwa sura ya kompyuta inayoganda kila redio inaporusha, taa zinazowakawaka, na usukani wa kujiendesha unaogeuza boti ghafla bila kuombwa. Hilo la usukani usilichukulie mzaha. Siku ya majaribio mtu awe ameshika sukani kwa mkono.

Bila shaka umewahi kuona ile fimbo ndefu ya redio ya Codan kwenye Land Cruiser za mashirika, kule Lokichoggio au Kigoma. Fimbo yenyewe ni fupi kwa kazi inayofanya, lakini gari zima la chuma lililo chini yake ndilo athi. Boti ya faiba haina bodi la chuma. Ina kitu bora zaidi, maji ya chumvi, ila inabidi uyafikie.

Njia ya kuyafikia ni utepe wa shaba. Tafuta bati jembamba la shaba nyekundu, likatwe vipande vyenye upana wa sentimita 7 au 8. Usitumie waya wa mviringo, hata uwe mnene kama kidole. Mkondo wa masafa ya juu hutembea kwenye ngozi ya chuma, na utepe mpana una ngozi nyingi na ukinzani mdogo kwa mkondo wa aina hiyo. Toa utepe kwenye skrubu ya athi ya tyuna, uupeleke kwa njia fupi kuliko zote hadi kwenye valvu ya shaba iliyo karibu kwenye tundu la maji chini ya boti. Utepe wa pili uende kwenye reli ya chuma ya tezi, yaani nyuma ya boti. Kama boliti za mkuku (uti wa chini wa boti) ziko ndani ya mita tatu au nne, zifikie pia. Wapo wanaotandika shaba sakafu nzima ya boti. Mimi naona kazi hiyo huchosha kuliko inavyolipa. Funga valvu na reli kwanza, jaribu, halafu uongeze ikihitajika. Wala usihangaike shaba yote iguse maji. Utepe uliolala juu ya faiba chini ya usawa wa maji unashirikiana na bahari kupitia faiba yenyewe, kwa namna ile ile bamba mbili za kapasita zinavyoshirikiana bila kugusana.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukiunganisha valvu ya shaba, injini na mkuku kwa utepe mmoja ndani ya maji ya chumvi, umetengeneza betri, na betri hiyo itakula zinki za boti, kisha vyuma vyenyewe. Dawa yake ni rahisi. Kata utepe mahali pakavu, acha mwanya wa milimita mbili au tatu, kisha uuzibe mwanya kwa kapasita za seramiki tano au sita za mikrofaradi 0.1, zilizochomelewa kwa risasi upande hadi upande. Mkondo wa redio unapita, umeme wa moja kwa moja unakwama.

Kama valvu za boti hiyo ni za plastiki, ambayo ni kawaida siku hizi, tumia nyaya. Chukua nyaya za shaba zilizofunikwa, kila moja ikatwe kwa masafa yake: gawa 71 kwa megahezi unazotaka, jibu ni urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 8 ni karibu mita 9, kwa megahezi 12 karibu mita 6. Ncha moja ya zote ifungwe kwenye athi ya tyuna, nyingine zilale chini kwenye ubavu wa boti, na ncha za mwisho zifunikwe vizuri maana hapo volti hupanda. Ule mrija unaouzwa kwa jina la KISS una nyaya za aina hiyo tu ndani yake.

Sasa antena. Mazoea ya boti za tanga ni kuutumia waya wa nyuma, ule unaoshuka kutoka kileleni mwa mlingoti hadi tezi. Unakatwa sehemu mbili, vinawekwa vihami visivyopitisha umeme, na kipande cha kati ndicho kinachorusha. Ni antena nzuri sana. Lakini vihami vya kubeba mzigo wa mlingoti ni ghali, na kila kiungo unachoongeza kwenye waya unaoushikilia mlingoti ni mahali papya pa kukatikia. Kwa boti isiyo yangu, na kwa fundi anayefanya kazi hii mara ya kwanza, ningeshauri uuache waya wa nyuma kama ulivyo. Pitisha waya wa shaba uliofunikwa ndani ya kamba ya poliesta yenye tundu katikati, utweke kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba hadi karibu na kilele, na ncha ya chini uivute tezi, mbali kidogo na waya wa nyuma. Ukiusogeza mbali angalau nusu mita ni bora zaidi, kwa sababu chuma kilicho sambamba na karibu hunyonya nguvu. Unagharimu kidogo, unashushwa ukiwa bandarini, na ukikosea urefu unakata au unaongeza bila kumwita mtu wa milingoti.

Na urefu ndio utakaokusumbua. AT-140 inataka angalau mita 7 ili ifanye kazi kwenye masafa yote. Kinachoishinda ni waya wenye urefu wa nusu wimbi la masafa unayotumia, kwa kuwa hapo volti kwenye skrubu ya tyuna hupanda mno na tyuna hukata tamaa. Gawa 143 kwa megahezi, utapata urefu wa kuukwepa. Kwa megahezi 14 ni mita 10.2, kwa 12.5 ni mita 11.4, kwa 8.3 ni mita 17.2. Kwa hiyo waya wako ukae mbali na mita 10 hadi 12. Mita 14 au 15 ni sawa kabisa, na mlingoti wa boti ya mita 11 kwa kawaida unatosha urefu huo. Kumbuka kupima kuanzia kwenye skrubu ya tyuna. Ule waya unaotoka kwenye tyuna kwenda juu nao unarusha, nao umo kwenye hesabu.

Ndiyo sababu tyuna yenyewe hukaa tezi, chini ya sitaha, karibu kabisa na mahali waya unapopandia. Kutoka redio hadi tyuna unapeleka kebo ya koaksia, RG-213 ukiipata, pamoja na kebo ya amri. Kutoka tyuna kwenda juu usitumie koaksia hata kidogo. Tumia waya mmoja wenye kifuniko cha volti kubwa, ule unaoitwa GTO-15, ambao mafundi wa mabango ya neoni wanaujua. Usiufunge ukagusana na reli au waya wowote wa chuma. Uinue kwa vipande vya plastiki, sentimita kadhaa. Na sehemu ya antena ambayo mtu anaweza kuifikia kwa mkono iwe imefunikwa. Kwa wati 150 kuna volti maelfu pale, na kuungua kwake kunauma kuliko moto wa jikoni kwa sababu kunaingia ndani.

Umeme hautakusumbua, hiyo ni kazi yako. M802 inaweza kuvuta ampia 30 inaporusha. Ipelekee nyaya zake moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri. Kwa umbali wa mita 5 tumia milimita mraba 16, ambapo kushuka kwa volti kwenda na kurudi ni kama theluthi moja tu ya volti. Pima kwenye tundu la redio wakati inarusha, si ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 12, sauti inaanza kupinda, na data huharibika kabla sikio halijajua.

Kelele ni habari nyingine, na zinataka uvumilivu. Boti ya leo imejaa vitu vinavyopiga kelele kwenye mawimbi mafupi: chaji kontrola za sola, inveta, friji, taa za LED za bei nafuu, chaja ya kompyuta. Na ukifunga Starlink, hiyo nayo. Shida yake haionekani kwa macho. Kituo cha baruapepe cha Maputo kinakusikia vizuri na kinakujibu, wewe ndiye hukisikii, halafu unailaumu antena. Fanya hivi: boti ikiwa nangani, mbali na umeme wa gati, zima kila kitu isipokuwa redio, uiweke megahezi 8 mahali pasipo na kituo. Zoea mvumo wake. Kisha washa kimoja kimoja. Kitakachouongeza mvumo umekikamata. Vingine vitapona kwa kuvishwa pete za feraiti, zile za kuzuia kelele, kwenye nyaya zake, mizunguko kadhaa kwenye kila pete. Vingine havitapona, na hivyo vizimwe kwa ile robo saa ya baruapepe. Chaji kontrola ya bei nafuu mara nyingi iko kwenye kundi hili la pili. Feraiti nyingine ziweke kwenye kebo ya USB, kwenye koaksia karibu na tyuna na kwenye kebo ya amri.

Hapo sasa una kituo. Kabla ya baruapepe, jifunze saa. Kutoka Kilifi hadi Maputo ni karibu kilomita 2,600, na kutoka Ushelisheli ni karibu 3,400. Mawimbi haya hayafuati mgongo wa bahari. Yanapanda hadi ionosfia, tabaka la juu la anga, na kurudi chini, na urefu wa mruko unategemea jua. Mchana tabaka la chini linameza masafa ya chini, hivyo panda: megahezi 12 hadi 16. Jioni shuka 8, usiku 6 au 8. Mchana ukiwa megahezi 14 unaweza ukaongea na Durban vizuri huku boti iliyoko Lamu haikusikii kabisa, kwa sababu mawimbi yanairuka. Huo si ubovu. Kwetu huku karibu na ikweta kuna kero ya ziada: saa moja hadi nne hivi za usiku anga la juu huchafuka, mawimbi hutetemeka na data hukatikakatika, tena radi za bara zinajaza masafa ya chini kelele. Mwambie nahodha azoee mapema asubuhi na alasiri kabla jua halijazama. Atapata kazi imekwisha kwa dakika chache, badala ya kukesha.

Tukija kwenye baruapepe yenyewe, kuna milango miwili. Winlink ni ya waendeshaji redio wa ridhaa, wale wasiofanya hivyo kwa biashara. Haina ada, ina vituo vingi duniani, Afrika Kusini ikiwamo, lakini anayeitumia lazima awe na leseni ya redio ya ridhaa, asifanye biashara humo, na ajue kwamba ujumbe wake haufichwi. Sailmail ni chama kisicho cha faida cha wenye boti. Inatumia masafa ya baharini, haihitaji leseni ya ridhaa, ila ina ada ya mwaka na muda wa matumizi una kikomo. Kituo chake cha upande wetu ni cha Maputo. Biashara ndogo ya boti, kama kuagiza kipuri, inaruhusiwa huko.

Uchaguzi wa mlango ndio unaoamua suala la modemu. Sailmail tangu mwanzo imejengwa juu ya Pactor, na modemu za Pactor zinatengenezwa na kampuni moja ya Ujerumani, SCS. Ndiyo maana bei haishuki, na mpya huzidi dola elfu moja. Kwa Winlink kuna njia nyingine: VARA, programu inayoifanya kompyuta yenyewe kuwa modemu, ikisaidiwa na kisanduku kidogo cha sauti kati ya kompyuta na redio. Programu hiyo ni karibu dola 70, na unaweza kuijaribu bure kwa mwendo wa polepole. Kama mwenye boti yuko tayari kutafuta leseni ya ridhaa, au tayari anayo, hiyo Pactor ya bei ya kutisha sioni sababu yake. Kama hataki mtihani wala leseni, basi Sailmail na Pactor, na hapo modemu iliyotumika ni sawa mradi muuzaji akubali ijaribiwe mbele yenu, ikiwa imefungwa kwenye redio na inashika kituo.

Asitarajie picha. Hapa ni maandishi tu, na ni mwendo wa kinyonga ukilinganisha na simu. Lakini hali ya hewa ya baharini haihitaji zaidi. Unaandika baruapepe kwenda query@saildocs.com, ndani yake mstari mmoja tu:

send gfs:1N,12S,39E,57E|1,1|12,24,48,72|PRMSL,WIND

Hapo umeomba upepo na mgandamizo wa hewa kutoka pwani yetu hadi ng'ambo ya Ushelisheli, kipimo kwa kila digrii moja, kwa saa 12, 24, 48 na 72 zijazo, kutoka kwenye modeli ya GFS ya Marekani. Jibu linarudi na faili la kilobaiti chache, linafunguka kama ramani kwenye kompyuta. Ukitumia nusu digrii badala ya digrii moja, faili linakua karibu mara nne. Bahari ya wazi haikuhitaji hivyo.

Starlink? Ni swali la haki, na sitajifanya kuipinga. Hapa Kenya ipo tangu Julai 2023, na kwa kasi redio haisogei hata karibu. Ila akague kifurushi, maana kinachofanya kazi Kilifi si lazima kifanye kazi katikati ya bahari, na masharti hayo hubadilishwa mara kwa mara. Halafu sahani hula umeme muda wote inapowaka, wati 50 hadi 100 kwa ile ya kawaida, kutegemea toleo, wakati redio hula sana kwa dakika chache tu kisha inatulia. Kama lengo lake lingekuwa baruapepe peke yake na hana chochote mkononi, ningemwambia anunue kifaa kidogo cha setilaiti, cha Iridium kwa mfano, aachane na shaba zote hizi. Lakini redio na tyuna anavyo tayari. Kilichobaki ni waya, shaba na jasho lako. Na redio inampa kitu ambacho sahani haimpi: boti tano zikiwa njiani zinaongea pamoja kwa wakati mmoja, na kitufe chekundu cha M802 kinapeleka wito wa dharura wa kidijiti kwenye masafa kama 8414.5 kHz, ambayo hata meli za mizigo zenye vifaa vya masafa hayo huyasikiliza. Kinara cha dharura cha megahezi 406 awe nacho vilevile. Hicho hakina mbadala.

Kuhusu vibali: leseni ya redio ya boti hutolewa na nchi ya bendera yake. Kama ni bendera ya Kenya, ni Mamlaka ya Mawasiliano, na humo ndimo namba ya MMSI, inayoitambulisha boti kwenye redio, inamotoka. Kama ni ya nje, akafuate huko kwao. Hiyo MMSI iingizwe kwenye redio kwa uangalifu mkubwa, na kwa kuwa redio imetumika, hakikisha haijabaki na namba ya boti ya zamani, la sivyo siku ya shida waokoaji watatafuta boti nyingine. Kwa leseni ya ridhaa, mlango wa kuanzia ni chama cha waendeshaji redio wa ridhaa wa Kenya, ARSK.

Ukishafunga, fanya jaribio la kwanza hapohapo kwenye hori ya Kilifi, asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Tyuna ikigoma kwenye masafa fulani na kukubali mengine, ongeza au punguza mita moja ya waya kabla ya kugusa kitu kingine. Bado ikigoma, niandikie. Nitahitaji urefu wa waya wote kuanzia skrubu ya tyuna, urefu wa utepe hadi valvu, volti kwenye redio inaporusha, na masafa yanayogoma.